Mashuka Tisa ya Alhamisi

Damu haioshwi kwa maji ya moto. Ukiimwagia maji ya moto umeipika, na damu iliyopikwa ndani ya uzi haitoki mpaka shuka lichanike. Unaloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, unaacha itulie, unamwaga, unaweka mengine, ndipo sabuni ifuate. Hilo nilifundishwa siku yangu ya kwanza katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mwanamke tuliyemwita Bibi Mvuke, aliyekuwa mkubwa wetu.

La pili alilonifundisha ni kwamba shuka halina mdomo. Mfuaji huona mengi: mtu mzima mwenye cheo chake aliyekojoa kitandani, binti ambaye mimba yake imetoka na kwao hawajui hata kama alikuwa nayo. Ukiyatoa nje hayo, alisema, hata mikono yako ikiwa misafi namna gani, wewe ni mchafu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka darasa la saba, na maneno yale niliyashika kama mwingine anavyoshika sala. Nilifanya kazi pale miaka thelathini na minane mpaka nikastaafu. Hakuna aliyewahi kusikia siri ya shuka kinywani mwangu, na nilitembea kichwa juu kwa ajili hiyo. Leo naandika habari za mwenzangu ambaye alilipia kichwa changu kile. Jina lake ni lake, siliandiki. Kazini tulimwita Sweta.

Alikuja kuomba kazi katika mwezi wa joto kali. Chumba cha pasi kilikuwa na mashine ya magogo mawili ya moto, shuka linaingia huku likiwa na unyevu linatokea kule limenyooka, na sisi tuliosimama pale tulikuwa tukilowa jasho kuliko mashuka yenyewe. Yeye akaingia na sweta la sufi limefungwa vifungo hadi shingoni. Mwendesha boila akamwuliza kama alikuwa akienda kwenye barafu akapotea njia. Watu wakacheka, naye akatabasamu polepole, kama mtu anayetafsiri kwanza ndipo acheke. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa chumba cha pasi. Nilimtazama usoni nikamjua mara moja. Yeye hakunijua.

Miaka miwili kabla ya hapo, siku ya Alhamisi, wodi ya wazazi ilituma neno chini kwamba mashuka yamewaishia. Msukuma toroli hakuwapo, nikapanda nayo mwenyewe. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na msichana wa miaka kama ishirini na moja, rangi imemtoka kabisa. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka lakini kondo la nyuma lilikuwa limekwama. Mkunga alikuwa na mkono mmoja tumboni kwake na mwingine akinionyesha niweke wapi. Nilipanda na kushuka. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri nilishusha mashuka tisa kutoka kitanda kile kimoja, yamelowa hadi pindo, yanadondoka ngazini, na ngazi nikaisafisha mwenyewe. Bibi Mvuke aliyatazama kwenye karo akasema, huyu hakubakiwa na kitu.

Lakini alibaki. Mnamo saa nane mchana alifumbua macho. Mama mkwe wake alikuwa amekaa nje kwenye benchi tangu alfajiri. Alipewa mtoto wa kike, mzima, ndani ya shuka jeupe nililolipiga pasi mimi, na nesi akamwambia asiwe na wasiwasi, mama wa mtoto amechoka kidogo tu. Nilipita pale na beseni limefunikwa. Nilisikia.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Sweta mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka, tukiwa tumekaa kizingitini. Maziwa hayakuja. Siku ya tatu, siku ya tano, kifua kikabaki kama cha mwanamwali. Mama mkwe akampa supu, akamkanda kwa maji moto, akambandika mtoto kifuani mpaka mtoto akachoka kulia. Siku ya kumi alimchukua mjukuu wake, akamnunulia maziwa ya kopo, na akatoa hukumu ambayo mtaa mzima uliipokea: huyu mwanamke amemnyima mtoto ziwa ili kifua chake kisianguke. Na kwa kuwa siku zake za mwezi nazo hazikurudi tena, mume akasikia kwamba ana mke aliyekauka juu na chini. Alirudishwa kwao na sanduku lake. Mtoto akabaki kwa bibi.

Nilimpa kazi. Nilidhani kumpa kazi kunatosha.

Mimi ni mjane wa mapema na sikujaliwa mtoto. Chumba mbele ya changu kilipokuwa wazi nikamwambia ahamie, na tukaishi mlango kwa mlango miaka ishirini na zaidi, jiko moja, kamba moja ya nguo. Aliniita Dada. Alikuwa mtu mpole wa kuchosha, na aliyechoka. Angeweza kulala amesimama. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, ngozi kavu kama karatasi, nyusi zimeisha nchani kana kwamba mtu amezifuta kwa ufutio. Kuhusu mwili wake alikuwa akitania mwenyewe: "Dada, wembe haunijui. Tukikutana njiani hatusalimiani." Kwapa lake lilikuwa kama la mtoto. Tuliona, tukacheka naye, basi.

Shuka linapotoka kwenye magogo huwa moto wa kupendeza. Yeye alikuwa akilipokea kwa kulikumbatia, anaweka shavu, anafumba macho kidogo, ndipo alikunje. Kazi ikawa inasimama nyuma yake. Wenzake wakaanza kunung'unika kwamba Sweta anayabembeleza mashuka badala ya kuyakunja. Siku moja nilimkuta amelala juu ya rundo la blanketi saa nne asubuhi, nikamwandikia barua ya onyo. Niliiandika kwa mkono wangu, hati nzuri, bila kosa hata moja. Aliipokea kwa mikono miwili akasema ahsante.

Kwa kuwa alihisi baridi siku zote, alijifunza kufuma. Kila mwaka alimfumia binti yake sweta. Hakuruhusiwa kumwona, kwa hiyo alikuwa akimpima binti wa jirani wa umri ule ule, anaongeza vidole viwili kwa kuwa kwao baba ni mrefu, anafuma. Akimaliza alilipeleka getini kwa bibi yake mtoto. Lilipokelewa. Halikuonekana kuvaliwa hata mara moja.

Jioni moja tukichambua mchele aliniuliza, "Dada, wewe unaona mwanamke anaweza kuzuia maziwa kwa roho mbaya, na mwenyewe asijue?"

Nilikuwa na mashuka tisa ulimini. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Ningeweza kujitetea kwamba sikujua kama damu na maziwa vina uhusiano, na kweli sikujua. Lakini nilijua kwamba mtu aliyelowesha mashuka yale hakuwa amechoka kidogo. Neno moja kwa mama mkwe wake lingempunguzia. Sikulitoa, kwa kuwa shuka halina mdomo na mimi ndiye niliyekuwa nimelishika hilo kuliko wote. Unaweza kuwa mwaminifu kwa kanuni mpaka ukamsahau mtu aliyelala juu ya shuka.

Miaka ikaenda hivyo. Binti akakua, akaolewa, akawa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili kutoka hospitali. Alipofika miaka ishirini na sita, mfagizi wa kliniki akatuletea habari kwamba ana mimba ya miezi saba. Sweta akafuma kisweta cha kitoto, cha rangi ya maziwa, safari hii akakipeleka mwenyewe dukani. Alirudi nacho. Alikaa kizingitini, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kukifumua.

Nilimwuliza alichoambiwa. Alisema binti hakumtukana. Alimwambia tu kwa adabu, "Bibi amesema siku hiyo usiwepo. Anasema kifua kikavu huambukiza." Na akaongeza kwamba yeye mwenyewe anaogopa.

"Anaogopa, Dada," Sweta aliniambia. "Ananiogopa mimi." Aliendelea kufumua mpaka kikawa mpira wa uzi.

Wiki ile ile kukatokea ugonjwa wa kuhara kazini. Tuliumwa karibu sote, siku mbili tukainuka. Yeye hakuinuka, ila alikuja kazini hivyo hivyo, na Jumanne saa nne asubuhi akaanguka mbele ya mashine na shuka mikononi. Tulimpakia kwenye toroli la nguo chafu, mimi na mwendesha boila, tukamsukuma hadi chumba cha dharura. Miaka ishirini na minne alikuwa akifanya kazi hatua mia mbili kutoka kwa madaktari, na ile ndiyo mara ya kwanza daktari kumtazama.

Alikuwa daktari kijana wa kike, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Alisema sukari imeshuka, chumvi ya damu imeshuka, presha imeshuka. Akamtundikia dripu ya sukari, na Sweta akafumbua macho. Daktari hakuondoka. Akamwangalia nyusi, akainua mkono wake akaangalia kwapa, akamgusa shingo. Akauliza ana watoto wangapi, alinyonyesha, siku zake zilikoma lini. Sweta akajibu kila kitu kwa ile sauti yake ya taratibu.

"Ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi?"

"Waliniambia nilichoka kidogo."

Daktari akaniambia pembeni kwamba mafaili ya miaka hiyo yaliharibiwa na mvua, naye ana mashaka ya mambo mawili. Huenda ni tezi ya shingo peke yake imelala, au huenda tatizo liko juu zaidi, kichwani, na shingo inasubiri tu amri. Kama ni kichwani, dawa ya shingo ikitangulia kabla ya sindano ya kuushikilia mwili, inaweza kumuua mgonjwa. Vipimo vya homoni hupelekwa mbali, majibu wiki mbili. "Ningempata mtu aliyekuwepo siku ile," alisema.

Hakuwa akinisema mimi. Alikuwa akisema peke yake, kama tunavyosema na sindano iliyopotea. Niliona midomo ya Sweta, rangi ile ile ya Alhamisi ile.

"Mashuka tisa," nikasema.

"Nini?"

"Nilifua mashuka yake. Kondo lilikwama. Tisa, yamelowa hadi pindo, yanadondoka. Saa tatu mpaka adhuhuri. Alizimia, akafumbua macho saa nane."

Daktari aliniuliza kama nina hakika, baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia anitajie siku yoyote ya kazi yangu. Hakunijaribu. Alikwenda mbio, akarudi na sindano ile ya kutangulia, akamchoma palepale.

Baadaye alituchorea nyuma ya karatasi ya dawa. Chini ya ubongo, alisema, kumening'inia tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ndogo hivyo, lakini ndiyo inayotoa amri. Humwaga homoni zake ndani ya damu, na damu huzipeleka kama barua: moja kwa tezi ya shingo ili mwili upate joto na wepesi, moja kwa vitezi vilivyokaa juu ya figo ili mtu ahimili homa na njaa, moja kwa vifuko vya mayai ya uzazi, moja kwa kifua ili kitengeneze maziwa. Mwanamke akiwa na mimba njegere hiyo huvimba, inajiandaa kwa maziwa, na huhitaji damu nyingi kuliko kawaida. Sasa damu ikimtoka mama kwa wingi na kwa ghafla, yeye anaweza kupona, lakini ile tezi iliyovimba ikakosa damu ikafa. Hakuna anayeiona ikifa. Maziwa hayaji, siku hazirudi, nywele zinakwenda, baridi inaingia. Viungo vingine vyote vizima, ila vimekaa vinasubiri barua.

Sweta alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe msimamizi wangu alikufa siku ile ile, na huku chini watu wamekaa wanangoja kengele." Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikumnyima?"

"Hukumnyima," daktari alisema. "Hukuwa na cha kumnyima."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani atalia. Daktari akaenda kwa wagonjwa wengine, nikabaki kwenye kigoda. Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi, anaomba mkate, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akiomba. Macho yake yalikuwa na wepesi mpya, na wepesi huo akanitazama nao mimi.

"Dada," alisema. "Uliniona kila siku."

Hakunitukana, hakuniuliza kwa nini, hakulirudia neno hilo hadi leo. Ningependa angelirudia, tukagombana yakaisha.

Nilitoka pale nikaenda dukani. Binti alikuwa nyuma ya kaunta, tumbo limegusa mizani, na akafanana na mama yake wa kitanda cha dirishani. Akaniuliza, "Karibu, mama. Unataka misumari ya inchi ngapi?" Nikamwambia sitaki msumari. Nikamweleza, nimesimama baina ya mabomba na makopo ya rangi, watu wakipita kuulizia saruji. Nilimweleza benchi la bibi yake, neno la nesi, beseni lililofunikwa. Nilimweleza njegere. Nilimwambia kwamba ukavu ule hauambukizi, ulitokana na damu, na damu ile ilimtoka katika kumleta yeye.

Alipima misumari ya mteja mmoja, akaifunga kwenye gazeti. Kisha akasema, "Na wewe, mama, ulikuwa wapi miaka ishirini na sita?"

"Nilikuwa nafua," nikasema.

"Basi ulifua vizuri. Halikubaki hata doa."

Nilirudi kwa miguu. Jumapili binti alikuja wodini. Alisimama upande wa miguu wa kitanda, mikono juu ya tumbo, na hao watu wawili hawakujua waanzie wapi. Mwishowe akauliza, "Umekula?" Sweta akasema, "Nimekula." Nikatoka nikawaachia kigoda.

Bibi yake, nilisikia, alipoambiwa alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akafungua sanduku akatoa masweta, yote, ya kila mwaka, yamekunjwa na nondo hawajayagusa. Hakusema alikuwa akiyawekea nini. Naye alikuwa mtu wa kunyamaza, tulifanana.

Binti alijifungua hospitali yetu, miezi miwili baadaye, siku ya Ijumaa mchana. Mama yake alikuwa ndani. Kwa wakati ule Sweta alikuwa amekwisha kuanza dawa ya shingo pia, na alikuwa akifungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, wiki hii cha juu, wiki ile kinachofuata, mwendesha boila akimwambia asiharakishe atatuua kwa mshangao. Nilingoja chini karoni. Nguo za kitanda kile zilipoletwa sikumwachia mtu. Nilizifungua mwenyewe, nikazigeuza, nikazitazama kwenye mwanga. Kisha nikapanda ngazi, nina miaka hamsini na minne na magoti yangu yanalia, nikasimama mlangoni mwa wodi ya wazazi mbele ya manesi na wagonjwa wote.

"Mawili," nikasema. "Mawili tu, na moja lina doa la kiganja."

Sweta alikuwa ameketi na mjukuu mapajani. Aliinua kichwa, akaitikia kwa kichwa tu, kama anavyopokea mtu hesabu kutoka kwa msimamizi. Maziwa ya binti yalikuja siku ya tatu, yakalowesha blauzi. Nilisimuliwa.

Binti alimchukua mama yake akae naye, amsaidie mtoto. Ndivyo inavyopaswa, na mimi ndiye niliyembebea sanduku hadi barabarani. Tezi iliyokufa haichipui tena, daktari alisema, kwa hiyo anameza vidonge kila asubuhi mpaka leo, na akipata homa anaongeza kipimo. Anaishi vizuri, hana baridi. Mara ya kwanza aliahidi kuja kila Jumapili, ikawa Jumapili moja moja, sasa ni sikukuu, anakuja na mjukuu ambaye amenizidi kimo. Tunazungumza habari za kazini, nani amekufa, mashine mpya ikoje. Ananiita Dada kama zamani. Simlaumu kwa lolote.

Chumba mbele ya changu kimepangishwa mara nne tangu hapo, watu wazuri tu. Kamba ya nguo naitumia nusu. Sweta lake lile la kwanza, la vifungo hadi shingoni, aliliacha nyuma ya mlango siku aliyohama. Niliwahi kumwuliza kama nimpelekee, akasema, "Kaa nalo, Dada, mimi la nini." Nimelifua mara moja, kwa maji baridi. Asubuhi za siku hizi huwa nalivaa kabla jiko halijashika moto.